Darasa la Wanaojua

Kama kuna mtu aliyeithamini sauti yake katika mtaa ule, basi ni Madamu. Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa maringo. Sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliitunza kama dereva anavyotunza injini. Mkobani hakukosa chupa ya maji ya uvuguvugu, shingoni hakukosa kitambaa hata jua likiwaka, na asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza hazungumzi na mtu. Marehemu mumewe alikuwa akiwatania wageni kwamba ameoa mwanamke ambaye huwezi kugombana naye mpaka saa nne.

Alifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka nenda rudi, madarasa yaliyojaa watoto mpaka kwenye madirisha, na huko ndiko alikoipata namna yake ya kufundisha. Yeye anasema, darasa linaitikia. Anasema tena kwa nguvu zaidi, darasa linaitikia kwa nguvu zaidi, hivyo hivyo mpaka sentensi inaingia kwenye damu. Mwanafunzi wa Madamu ungeweza kumwamsha usingizini ukamtupia sentensi, akairudisha kabla hajafumbua macho. Wenzake walimcheka, wakasema anafundisha kwaya. Lakini mitihani ikija, watoto wake ndio waliofungua midomo, wa wengine wakabaki kutazamana.

Tena alikuwa na sheria yake. Darasani kwake hakuna kusema sijui. Ukisema sijui, wenzako wanakugunia kwa utani, unasimama, unasema kwa Kiingereza "I know", yaani najua, halafu ndiyo unatafuta jibu. Alisema kinachomfunga mtoto mdomo si ujinga, ni woga, na woga dawa yake ni kujifanya unajua mpaka ujue kweli. Kwa watoto wadogo ilikuwa dawa, sikatai. Ila ile dawa aliyokuja kuwapa watu wazima, nikiifikiria mpaka leo nywele zinanisimama.

Shule ilipopunguza walimu, naye alipunguzwa. Akakaa nyumbani na binti wa marehemu dada yake, aliyemchukua angali anatambaa. Dada mtu alikuwa mkubwa, kwa hiyo binti akamwita Madamu mama mdogo, na hakuwa na mama mwingine aliyemkumbuka. Jina lake la kuzaliwa wachache walilijua. Mtaa mzima ulimwita Kelele, na ukikaa naye robo saa huulizi kwa nini. Alicheka akiwa ngazi ya chini, jirani wa ghorofa ya juu akajua nani anapanda. Akiongea alikuwa cherehani, haina kituo. Madamu alimgombeza kwa hilo kila siku ya Mungu, na siku Kelele akichelewa kurudi, nyumba ikiwa kimya, alikuwa hatulii hata kidogo.

Sasa katika ukimya huo wa kukosa kazi akaja Meneja. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mashati yamenyooka, na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alisema ana ofisi inayopeleka watu kufanya kazi za ndani nchi za mbali, kutunza watoto, kufua, kupika, kuwaangalia wazee. Alisema vijana wetu wanaonewa huko kwa sababu hawawezi kujieleza. Alisema amesikia habari za mwalimu mmoja anayewafungua watu midomo. Madamu, masikini, kichwa kikavimba. Nani asingevimba? Mwaka mzima hakuna aliyemwita mwalimu ila muuza mboga.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la zamani, juu ya duka la vipuri. Nje haikuwa na kibao. Madamu alipouliza, Meneja alisema kibao kinatengenezwa, na kikaendelea kutengenezwa mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Chumba cha kwanza ndicho darasa, viti vya plastiki na ubao mmoja. Cha pili kilikuwa na meza, pazia la bluu lililofunika ukuta mzima, na kabati la chuma. Kwenye kabati hilo Meneja aliweka pasipoti za wanafunzi wote, akisema zisije zikapotea. Walimshukuru.

Siku za mwanzo Madamu alifundisha anavyojua mwenyewe, salamu, vyombo, viungo vya mwili. Meneja alikuwa akiingia polepole, anakaa kiti cha nyuma, anasikiliza. Ikawa siku moja Madamu anafundisha yale maneno ya kuuliza yanayofuatwa na kitendo. Aliandika ubaoni "where to go", akawaeleza kwamba hiyo ni pa kwenda. "What to do", la kufanya. "How to cook", jinsi ya kupika. "Who to ask", wa kumuuliza. Akawaonyesha kwamba sisi tunasema sijui niende wapi, sijui nifanye nini, na ndani ya kitendo chetu mtu yumo, unamsikia. Wenyewe wa Kiingereza hapo humtoa mtu, kinabaki kitendo kitupu. Kwenda, lakini haisemi nani anakwenda. Wanafunzi wakaona ni rahisi, wakafurahi.

Mwanafunzi mmoja, mwanamke aliyewazidi wenzake umri na wote wakamwita Shangazi, akauliza: na kwa nini? Naweza kusema "why to go"? Madamu akamwambia hapana, hilo haliwekwi hapo. Wapi, nini, vipi, lini, nani, hayo yote yanakubali. Kwa nini haikubali. Shangazi akasema kwa utani kwamba basi Wazungu nao hawapendi kuulizwa kwa nini, darasa likacheka. Meneja naye kule nyuma akacheka, akaandika kitu kwenye simu yake.

Baada ya kipindi alimfuata Madamu, akamwambia somo lile ni zuri kuliko yote. Akaomba lirudiwe kila siku. Ombi lake jingine lilikuwa dogo: watu wasiseme sijui pa kwenda, sijui la kufanya, kwani mwajiri gani anamtaka asiyejua? Wote waanze na najua. Hapo, jamani, alikuwa kama amempaka Madamu mafuta. Sheria yake ya miaka yote mtu wa ofisi ameiona mwenyewe! Kuanzia siku hiyo ngoma ikawa moja. I know where to go. I know what to do. I know who to work for. Yaani najua pa kwenda, najua la kufanya, najua nitamfanyia nani kazi. Meneja akaongeza mbili zake: najua wa kumpigia simu nikipata shida, na najua jinsi ya kurudi nyumbani. Darasa likaimba mpaka watu wa duka la vipuri chini wakazijua sentensi zile, wakawa wanazisema wakipanga mashine.

Ni Shangazi tena aliyeinua mkono. Aliuliza: Madamu, huyo wa kumpigia simu ni nani? Mbona hatujapewa namba? Madamu akamjibu kuwa huo ni mfano tu wa kujifunzia, mambo ya namba watapewa mbele. Akamwambia, twende, rudia. Shangazi akarudia. Hilo ndilo jambo ambalo Madamu alikuja kulikumbuka baadaye likamkata maini, jinsi alivyorudia vizuri.

Siku ya mwisho ya kila kundi walipigwa picha za video. Meneja alisema waajiri wanataka kusikia Kiingereza cha mtu kabla hawajamchukua. Mmoja mmoja anaingia chumba cha pazia, anakaa, anataja jina lake, anasema zile sentensi. Madamu alisimama nyuma ya simu ya Meneja akiwaongoza kwa mkono, mkono ukipanda wapandishe sauti, ukishuka wapumue. Hakuna aliyekosea. Kundi la kwanza likaondoka, wakamkumbatia, wakaapa kumpigia simu wakifika. Hakupiga hata mmoja. Kundi la pili nalo kimya. Madamu alikuwa akisema kwa mzaha kwamba wameona dunia, wamemsahau mwalimu wao. Alisema kwa mzaha, ila alilisema mara nyingi mno, na kila alipolisema alimtazama usoni aliyekuwa naye kama anayetaka abishiwe.

Na katika kundi la tatu akawamo Kelele. Alikuwa amechoka kusimama dukani kwa watu kutwa nzima, alitaka kuona mbali, na nani wa kumzuia ikiwa mama yake mdogo mwenyewe ndiye mwalimu wa safari? Madamu alilia kidogo, akafurahi kidogo, akamnunulia begi. Darasani Kelele alikuwa nyota. Zile sentensi alizisema zikatikisa mbao.

Basi ikafika siku fundi viatu alipopanda ngazi.

Huyu fundi alikuwa na kibanda pembeni ya jengo, na viatu vya Madamu alivishona tangu Madamu anafundisha shuleni. Binti yake alikwenda na kundi la kwanza. Alimkuta Madamu ngazini wakati wa mapumziko, akavua kofia, akamwomba wakae pale pale kwenye ngazi. Alikuwa amekonda. Akasema anataka mtu amtafsirie kitu, na hataki mdomo asiouamini. Akatoa simu.

Ilikuwa video. Pazia la bluu, na mbele yake binti wa fundi, nywele zimesukwa vizuri, amekaa wima. I know where to go, akasema, na alitamka vizuri sana. Madamu hakuhitaji kusikiliza. Midomo yake mwenyewe ilikuwa ikitangulia.

"Anasema nini mwanangu?" fundi akauliza.

"Anasema anajua pa kwenda," Madamu akasema. "Anajua nani wa kumfanyia kazi. Anajua la kufanya. Anajua wa kumpigia simu akipata shida. Anasema anajua jinsi ya kurudi nyumbani."

Fundi akauliza kwa upole, kama mtu anayeona haya kuuliza, kwa nini basi hakumwambia yeye baba yake. Kama anajua jinsi ya kurudi, anarudije? Hiyo njia ni ipi? Akaeleza kwamba binti alipiga simu mara moja tu tangu aondoke, kwa simu ya mtu, ananong'ona. Alisema wamemhamisha nyumba, hajui mji ule unaitwaje, milango inafungwa kwa nje. Halafu ikakatika. Fundi akaenda ofisini, Meneja akampokea kwa heshima, akampa kiti, akampa maji, akamtumia video. Akamwambia, mzee, msikilize binti yako mwenyewe. Fundi akaenda polisi. Polisi wakaitazama video, mmoja wao akaielewa, akamwambia binti ni mtu mzima, kila kitu alikuwa anakijua, kasema kwa kinywa chake.

Ndipo Madamu alipoelewa. Kumbe zile video hazikuwa za waajiri. Zilikuwa za kuwaonyesha wazazi. Kila aliyeondoka aliacha nyuma ushahidi dhidi yake mwenyewe, na ushahidi huo ulitungwa ubaoni, kwa chaki, kwa sauti iliyotunzwa kwa maji ya uvuguvugu.

"Fundi," akasema, "hayo maneno si ya mwanao. Ni ya kwangu mimi. Niliwafundisha kama wimbo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua."

Angemtukana, Madamu angepata nafuu. Fundi hakumtukana. Alirudisha simu mfukoni, akamshika mkono, akamwomba jambo moja. Alikuwa amemwendea Meneja siku baada ya siku, amemramba viatu, amejifanya mjinga asiyeshuku lolote, mpaka mtu yule akalegea. Ameahidi kwamba Jumatatu atampa jina la familia na namba ya simu ya nyumba aliko binti. "Usimshtue mpaka Jumatatu," fundi akasema. "Akishtuka atafunga ofisi usiku mmoja, na mimi nitabaki na video. Baada ya Jumatatu, fanya unalotaka, mimi mwenyewe nitakusaidia kuwaita watu." Madamu akaahidi. Aliahidi kwa moyo wake wote, na siku ile ilikuwa Alhamisi.

Aliingia darasani akafundisha. Mnaweza kuwaza alivyofundisha. Sauti ilikuwa ile ile, mkono ulipanda na kushuka, darasa likaitikia. Alijiambia ni siku chache tu, safari ya kundi la tatu bado, atajikaza. Ijumaa jioni Meneja akaingia na habari njema. Tiketi zimepatikana mapema. Video kesho Jumamosi, na kesho hiyo hiyo, wakitoka kwenye video, gari litakuwa chini likiwasubiri. Waje na mabegi. Darasa likapiga vigelegele. Kelele ndiye aliyepiga vya mwisho, akamrukia mama yake mdogo shingoni.

Alipomaliza kula jioni ile, Kelele alikuwa akikunja nguo sakafuni na mdomo ukienda. Madamu akakaa kitandani, akamtazama. Alijaribu kwanza kwa hila, akasema kifua kinambana, pengine Kelele asubiri kundi lijalo. Kelele akamwambia atamwachia dawa kwa jirani. Akajaribu kusema dunia ni mbaya. Kelele akacheka, akasema dunia hata hapa ipo.

"Unakwenda kumfanyia nani kazi?" Madamu akauliza ghafla.

"I know who to work for," Kelele akadakia, na mkono juu kama wa Madamu mwenyewe.

"Hapana. Niambie kwa lugha yetu. Anaitwa nani?"

Kelele akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, hakukutoka kitu. Akasema ni familia. Familia gani? Familia nzuri, Meneja kasema. Mji gani? Mji mkubwa. Ukipata shida unampigia nani? Kelele akatazama nguo mkononi, akaikunja, akaikunjua. Ajabu ni kwamba alikuwa anaamini kweli kwamba anajua. Wiki nzima, mwezi mzima, alikuwa amelala na kuamka akijua. Ndipo Madamu akamwambia yote, ngazi, video, mlango unaofungwa kwa nje.

Kelele hakulia. Alikasirika, na kwanza alimkasirikia Madamu, akamwambia maneno ambayo sitayarudia kwa sababu aliyaombea radhi. Kisha akasema hatakaa nyumbani ajifiche wakati wenzake, Shangazi na wengine, wanapanda gari. Na pasipoti yake imo kabatini. Atakwenda, atakaa mbele ya pazia, na atamuuliza Meneja yale yale aliyoulizwa sasa hivi. Akijibiwa, sawa. Asipojibiwa, kila mtu ataona.

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kumzuia. Madamu alijua ahadi yake kwa fundi, aliikumbuka neno kwa neno. Angeweza kumwambia Kelele, piga kimya, jifanye mgonjwa wewe peke yako, mpaka Jumatatu. Lakini wale wengine nao wangepanda gari Jumamosi. Ndivyo alivyojieleza baadaye, kwamba aliwafikiria wale wengine. Mimi nasema aliwafikiria, ndiyo, ila wa kwanza kabisa alimfikiria wake. Alitaka mambo yale yaishe mbele ya macho yake, mtoto akiwa bado yuko upande huu.

"Muulize," akasema. "Na umuulize kwa sauti."

Jumamosi mabegi yalijaa ngazini mpaka huwezi kupita. Chini kulikuwa na gari lenye vioo vyeusi, dereva hashuki. Meneja alikuwa na haraka kuliko siku zote, ingawa tabasamu lilikuwa pale pale. Madamu akasimama nyuma ya simu. Wa kwanza kuitwa alikuwa Kelele, kwa kuwa ndiye nyota, awape wenzake moyo. Wengine walibaki darasani upande wa pili wa mbao, wakinyoosha nguo, wakisubiri.

Kelele akakaa. Akataja jina lake, lile la kuzaliwa. Meneja akatikisa kichwa, endelea. Kelele akavuta pumzi.

"Ninayekwenda kumfanyia kazi, jina lake nani?"

Na darasa, jamani, darasa lililozoeshwa kwamba ikisikika sentensi kwa sauti kubwa kutoka mbele, inarudishwa, likairudisha. Upande wa pili wa mbao, kwa pamoja, bila kufikiri: ninayekwenda kumfanyia kazi, jina lake nani?

Meneja akageuza kichwa ukutani. Kelele akaendelea. Anakaa mji gani? Mbao zikajibu: anakaa mji gani? Nikitaka kurudi, nani atanifungulia mlango? Nikitaka kurudi, nani atanifungulia mlango? Halafu wakanyamaza ghafla, wote, na katika ukimya ule ilisikika sauti ya Shangazi peke yake akisema polepole, kama anajisemesha, "Eti kweli, nani?"

Mkono wa Madamu ulikuwa hewani. Hakukumbuka ameuinua saa ngapi.

Kama Meneja angefoka, wangejua wanapambana na nini. Hakufoka. Alizima simu, akaiweka mfukoni, akamtazama Madamu kwa muda mrefu kwa yale macho yake ya adabu. Akamwambia, "Umewafundisha vizuri sana, mwalimu wangu." Kisha Meneja akaenda darasani, akasema maswali ni haki yao, hata angekuwa yeye angeuliza, na majibu yote, majina, namba, kila kitu, atawapa Jumatatu asubuhi. Leo warudi nyumbani wakapumzike. Pasipoti? Jumatatu pia, ufunguo wa kabati uko kwa mkubwa wake. Shangazi akagoma kuondoka, wengine wakagoma naye, wakasimama mlangoni mpaka dereva wa vioo vyeusi akapanda na wanaume wawili, wakasimama nao mlangoni bila kusema neno. Basi wakateremka na mabegi yao.

Mchana ule Madamu alikwenda polisi na Kelele na Shangazi. Wakaandikiwa maelezo, wakaambiwa Jumatatu watu wataletwa kuulizwa. Kila njia ilielekea Jumatatu.

Jumatatu asubuhi chumba cha pili kilikuwa kitupu. Pazia limeng'olewa, na nyuma ya pazia kumbe kulikuwa na dirisha la kawaida tu linalotazama bomba la maji machafu. Kabati la chuma liliacha alama nne sakafuni. Mwenye jengo alisema walihama Jumapili alfajiri, wamelipa, wamemuaga vizuri. Wanafunzi walijaa ngazini. Kuna waliomshukuru Madamu. Kuna waliomuuliza kwa uchungu pasipoti zao ziko wapi, na safari yao aliyoivuruga watalipwa na nani. Aliwasikiliza wote. Hakuwa na sauti, ilikuwa imekauka tangu Jumamosi na maji ya uvuguvugu hayakuirudisha.

Fundi viatu alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amekuja kwenye ahadi yake. Alipita katikati ya watu, wakampisha, akafika mlangoni, akaingia peke yake. Alikaa mle ndani. Wote walinyamaza, na Kelele naye, aliyekuwa amesimama na begi lake ngazi ya chini, akanyamaza.

Fundi alipotoka alisimama mbele ya Madamu. Madamu alianza kusema kuhusu gari, kuhusu wale wengine, kuhusu Jumamosi. Fundi akainua mkono, si kwa ukali.

"Wako yuko?" akauliza.

"Yuko," Madamu akasema.

Fundi akatazama chini ya ngazi, akamwona. Alimtazama kwa kitambo, begi, viatu, uso. Kisha akayaondoa macho yake pale.

"Mwambie asipite njia ya kibandani kwangu," akasema. "Si kwa ubaya. Nikimwona nitamchukia, na mtoto huyu hajanikosea kitu."

Akateremka, akishika ukuta. Kelele alijibana pembeni kumpisha. Tangu hapo wanazungukia nyuma, kupitia kiwanda cha mbao, Kelele na mama yake mdogo, na hiyo ni njia ndefu kidogo, hasa wakati wa mvua.